Makofi Mawili ya Bi Isije

Sawaguchi Kinue aliogopa vitu vingi, na aliviogopa kwa utaratibu mzuri, kama wengine wanavyopanga vyombo kabatini. Aliogopa simu inayolia kabla ya kifungua kinywa. Aliogopa daraja la mto Mosebetsu siku za upepo, na watu wanaoleta habari njema mno. Juu ya yote aliogopa bahari, ingawa ukifungua dirisha la jikoni kwake unaiona yote, ya kijivu, imekuja mpaka karibu na kamba ya kuanikia nguo. Sentensi zake nyingi zilianza na neno moja. Isije ikanyesha. Isije ikawa gesi haijafungwa. Isije mgeni akawa hali nyama ya kaa. Mji mzima ukamwita Bi Isije, naye akaitika, kwa kuwa aliogopa kwamba akikataa ataonekana anajivuna.

Alizaliwa bara, kwenye mashamba ya ng'ombe wa maziwa, mahali ambapo maji mengi kuliko yote yalikuwa ndani ya ndoo. Pwani aliletwa na ndoa. Morio, mumewe, alikuwa fundi wa injini za boti, mnene, mcheshi, asiyeogopa kitu duniani isipokuwa daktari wa meno. Siku ya kwanza alimpeleka bibi harusi wake gatini akamwonyesha bahari kama mtu anavyoonyesha gari jipya. Kinue aliitazama kwa adabu, akauliza inaishia wapi. Morio akamwambia haiishii. Basi hapo Kinue aligeuka, akarudi nyumbani bila kuangalia nyuma.

Aliomba kazi katika kituo cha kutotolesha samoni kwa sababu moja isiyoandikwa popote: kituo kiko juu mtoni, nyuma ya kilima, na hiyo ndiyo kazi pekee ya samaki mjini petu ambayo mtu huifanya akiwa ameipa bahari mgongo. Miaka ikapita akiwa pale. Kila vuli samoni wakubwa walipanda mto wakakamatwa kwenye uzio, mayai yakatolewa, yakatotolewa gizani wakati theluji imefika madirishani. Barafu ya kuelea ilipokuwa bado imeganda ufukweni, vifaranga walianza kula. Aliyewalisha ni Kinue.

Kifaranga wa kituoni ni mtoto wa tajiri. Amelelewa chini ya paa la bati, hajaiona mbingu, hana habari kwamba kuna ndege. Kwake yeye kivuli kikipita juu ya maji ni mtu, na mtu ni chakula. Akishafika urefu wa kidole kidogo, lango la maji linafunguliwa, anateremka mto, anaingia baharini bila kuagizwa chochote. Bahari nayo humfungulia mlango mwembamba. Akiwahi, anakuta maji ya barafu yasiyo na kitu cha kutia mdomoni. Akichelewa, maji yameshapata joto na wenye meno wamekuja nayo kutoka kusini. Katikati ya hayo mawili kuna wiki chache, ambazo inampasa akae karibu na ufuko, ale upesi, akue upesi, aondoke kuelekea kaskazini. Wengi hufa katika wiki hizo. Sisi tunalijua hilo tangu shule, na hatulizungumzi sana, kama vile abiria wa ndege wasivyozungumzia mabawa.

Ukutani mwa bwawa kubwa, juu ya swichi ya taa, palikuwa na hekalu dogo la mbao lenye ukubwa wa kasha la viatu. Liliwekwa mwaka ule ugonjwa wa matamvua ulipoua bwawa zima. Wafanyakazi wengine walilisalimu mwaka mpya na siku za sikukuu. Kinue alilisalimu kabla ya kila mlo wa samaki: alitua ndoo, akainama mara mbili, akapiga makofi mawili ili miungu ijue kuna mtu mlangoni, akainama tena, ndipo akachota chakula. Isije mlo mmoja ukawa ndio uliosahauliwa. Bati la paa liliyapokea makofi yale na kuyateremsha majini.

Majira hayo ninayoyasimulia, theluji ikiwa imebaki kwenye vivuli tu, alikuja fundi kuziba paa. Aliposhuka ngazi alikung'uta glavu zake kwa kuzigonganisha, pa, pa. Bwawa zima likageuka. Vifaranga waliokuwa wametawanyika kote walikuja upande wake kama zulia linalovutwa, wakapanda juu, maji yakachemka kwa midomo. Fundi akacheka, akasema samaki hawa wana adabu kuliko wanawe. Kinue naye akacheka. Aliona hata fahari kidogo, hisia ambayo hakuizoea, na akaenda nyumbani nayo kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba mayai.

Jioni ile vipaza sauti vya mji, vile vya juu ya nguzo vinavyotutangazia tsunami, dubu na wazee waliopotea, vikatangaza jambo jipya. Kwa kuwa vuli mbili mfululizo samoni waliorudi walikuwa wachache mno, chama cha ushirika cha wavuvi kimeamua kwamba mwaka huu vifaranga wataagwa rasmi mdomoni mwa mto. Kuhani atakuwepo. Televisheni itakuwepo. Wananchi wote wanaombwa kuja, kuinama kwa pamoja mara mbili, na kupiga makofi mawili kwa nguvu, ili miungu ya bahari isikie.

Kinue alikuwa anakata vitunguu. Kisu kikasimama.

Mdomoni mwa mto kuna ulimi wa mchanga, na juu ya mchanga ule, kila majira ya kuchipua, hukaa shakwe, ndege weupe wa pwani walao samaki. Hawaji kwa bahati. Wanajua tarehe kuliko ofisi. Hukaa kimya wameelekea majini, kama wakwe wanaosubiri chakula ambacho wameshasikia harufu yake.

Alimweleza mumewe mezani. Morio alikuwa na bakuli la supu mkononi, na mwanzoni alidhani ni kichekesho.

"Kwa hiyo, Mama Shiho, miaka yote hii umekuwa ukifuga mbwa," akasema. Shiho ni binti yao, ameolewa Sapporo.

"Baba Shiho, nisikilize. Watu mia kadhaa watasimama pale wapige makofi. Samaki watakuja juu. Wote. Shakwe wako hapohapo."

Morio akaweka bakuli chini. Akauliza kama ana hakika. Kinue akasema yeye hana hakika na kitu chochote tangu azaliwe, ila hiki ana hakika nacho.

"Basi kamwambie Mwenyekiti."

"Kamwambie wewe. Nyinyi mnafahamiana."

"Mimi namtengenezea injini," Morio akasema. "Mtu ukimtengenezea injini, huwezi tena kumfundisha kuomba."

Kesho yake Kinue alimwambia mkuu wa kituo, Bwana Nihei, kijana mpole aliyeletwa kutoka jijini na ambaye alikuwa bado anashangaa kila baridi inaporudi. Kinue alitumaini kwamba Nihei atamcheka, maana mtu akichekwa anaweza kwenda kulala. Nihei hakucheka. Alisimama kando ya bwawa akapiga makofi mawili, akawatazama samaki wakija, na uso wake ukabadilika rangi kama mtu aliyesikia hatua za miguu darini, ambako hakai mtu. Akasema wakubwa wa chama wanakutana kesho, waende wote wawili, na kwamba Kinue ndiye aseme, kwa kuwa yeye Nihei ni mgeni, na mgeni akiwaambia watu namna ya kusali atakuwa mgeni mpaka astaafu.

Kwa mtu kama Kinue, kuingia katika chumba cha mikutano cha wavuvi ni sawa na kuingia kwenye zizi la madume ya ng'ombe akiwa amevaa nyekundu. Walikuwa wameketi kwa safu, mikono mikubwa juu ya meza, birika la chai katikati. Mwenyekiti, Kakizaki Yasuzo, alikuwa mrefu, mzito wa maneno, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba watu waliinama ili kumsikia, jambo lililofanya kila asemalo lionekane la maana. Kuhani naye alikuwepo, Bwana Mikamo, ambaye siku za kazi huuza stempu posta na kwa hiyo hupendwa na pande zote mbili za dunia.

Kinue alisimama akaanza na neno lake, na mtu akachekea kwenye kikombe. Lakini aliendelea. Alieleza makofi, bati, fundi na glavu. Alieleza shakwe, ingawa wao walikuwa wanawajua shakwe kabla yake. Alipomaliza, mvuvi mmoja akasema huenda samaki wakipanda juu wataisikia dua vizuri zaidi. Mwingine akasema na shakwe nao wataisikia, na watashukuru kabla ya kula. Wakacheka kidogo, bila ubaya.

Nihei akajaribu kuuliza kama sherehe haiwezi kufanyika hekaluni, kilimani. Mwenyekiti akamjibu kwamba mwaka jana na mwaka juzi waliomba kilimani, na matokeo yanajulikana. Samoni hukaa baharini miaka mitatu, minne kabla ya kurudi, kwa hiyo dua ya mwaka jana haijapata hata nafasi ya kushindwa. Kila mtu mle chumbani alilijua hilo. Ila hofu haijui kuhesabu miaka, na hofu ya wanaume wale ilikuwa kubwa kuliko ya Kinue, kwa kuwa wao hawakuwa wameizoea.

Ndipo kuhani Mikamo, ambaye alitaka kusaidia, akasema neno ambalo lingekuwa heri libaki posta.

"Yako makofi ya kimya," akasema. "Viganja vinakutana bila kutoa sauti. Kwa miungu ni makofi yaleyale."

Mtu mmoja akakifunga kifuniko cha birika ambacho kilikuwa kimefungwa. Aliyekaa karibu na kuhani akasogeza kiti chake, si sana, upana wa kiganja tu. Makofi ya kimya tunayajua sote. Hupigwa mbele ya jeneza, na hayapigwi mahali pengine popote.

"Bi Kinue," Mwenyekiti akasema, na wote wakainama kumsikia. "Makofi hayo nimempigia baba yangu. Nikampigia na ndugu yangu, na ndani ya jeneza lake mlikuwa na kofia yake tu, kwa kuwa bahari haikurudisha zaidi ya hapo. Sasa unaniambia niwapigie watoto hawa wa samaki siku ile wanayoondoka nyumbani."

"Hapana, Mwenyekiti."

"Unataka tuwazike wakiwa hai?"

"Nataka wasife," Kinue akasema. "Hilo tu. Sijui makofi gani yanafaa. Nataka wasife pale pale, mbele yetu, sisi wenyewe tukiwa tumewaita."

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, wala hakumwona Kinue mjinga. Alikuwa mtu aliyesimama kati ya hofu mbili, akachagua ile aliyoifahamu kwa jina. Akamwambia kwamba wavuvi wakisikia wamepigiwa samaki makofi ya maiti, nusu yao hawatashusha nyavu vuli nzima, na nusu nyingine watashusha mikono ikitetemeka, na mikono inayotetemeka ndiyo inayovutwa na kamba. Makofi yatapigwa, tena kwa sauti. Kisha akamshukuru kwa kuja, na kwa kuwa shukrani ile ilikuwa ya kweli, Kinue alishindwa hata kuichukia.

Njiani, Nihei alisema wanaweza kufungua lango mapema kabla ya siku ya sherehe. Kinue akamkumbusha kwamba vifaranga hawatoki mtoni kama risasi. Hukaa siku kadhaa pale mdomoni wakizoea chumvi, na watakuwa palepale siku ya makofi. Nihei akasema basi wafungue baada ya sherehe. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na vipimo vya joto la bahari, na alipofika katikati ya sentensi yake mwenyewe akanyamaza, maana mlango mwembamba ulikuwa umeshaanza kujifunga kwa upande wa pili. Mto ulikuwa unapiga kelele za theluji iliyoyeyuka, na Kinue aliogopa kelele zile pia, kwa mpango wa kawaida.

Wazo lilimjia asubuhi akifagia ngazi. Halikuwa wazo zuri na halikumpendeza. Kama samaki wamefundishwa kwamba makofi ni chakula, inawezekana kuwafundisha kwamba makofi ni balaa. Na katika mji wote huu ni nani anayeijua hofu vizuri kiasi cha kuifundisha?

Akachukua fagio la matete, lile refu la kufagilia majani, akaenda nalo kazini. Alisimama kando ya bwawa akapiga makofi mawili. Wakaja, kama kawaida, wakiwa na imani yote ya watu ambao hawajawahi kudanganywa. Aliwaona macho, meusi, makubwa mno kwa vichwa vyao. Akainua fagio akalipiga juu ya maji kwa nguvu zake zote.

Wakatawanyika. Kisha, taratibu, wakarudi. Walidhani ni bahati mbaya.

Akapiga makofi tena. Akapiga fagio tena. Baadaye Morio aliniambia kwamba siku ile mkewe alirudi nyumbani akaketi barazani bila kuvua mabuti, na alipoulizwa ana nini akasema ameanza kuwapiga watoto.

Tangu hapo aliwalisha kwa wizi. Hakusimama, alitambaa kwa magoti kando ya bwawa ili kivuli chake kisiingie majini, akarusha chakula kwa mkono bila kutoa sauti, akaondoka kinyumenyume. Hekalu dogo la ukutani aliliinamia bila makofi, akiomba radhi kwa mdomo, na hilo nalo likawa hofu mpya, maana aliyepaswa kuwalinda samaki sasa hasalimiwi. Kati ya milo alikuja na makofi na fagio. Siku ya kwanza walirudi upesi. Siku zilizofuata walichelewa. Halafu ikaja siku ambayo makofi yalipolia bwawa lililokuwa jeusi kwa samaki likawa tupu juu, na wote wakawa chini, wamejibana sakafuni kama majani yaliyooza.

Kinue alipaswa kufurahi. Lakini Nihei aliwapima uzito akakuta hawanenepi kama ilivyokuwa. Samaki aliyeogopa hali vizuri, na samaki mdogo akifika baharini ndiye wa kwanza kuliwa. Nihei alimweleza haya kwa upole, akiwa ameshika mzani kama mtu aliyeshika barua ya msiba. Kinue akalala macho wazi. Waswahili husema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Hawasemi kama kunguru huyo amepata kula. Akiendelea, atawadhoofisha. Akiacha, watasahau. Kila alipoinua fagio alijiuliza anawaokoa au anawaua kidogokidogo kabla shakwe hawajapata zamu, na kila alipolishusha aliogopa vilevile.

Jambo lililomuuma zaidi hakulisema kwa Nihei. Samaki walikuwa wameacha kumjia. Hata akija bila fagio, hata akitambaa, walimwona na kushuka. Alikuwa ndiye shakwe wao.

Siku ilipofika anga lilikuwa safi, jambo ambalo wavuvi walilihesabu kuwa jema, na Kinue alilihesabu kuwa baya kwa sababu ndege huona vizuri. Lango lilikuwa limefunguliwa jana yake. Vifaranga walikuwa wameshateremka, na ukisimama ukingoni mwa mdomo wa mto uliwaona: doa refu jeusi kandokando ya ufuko, mahali maji ya mto yenye rangi ya chai yanapokutana na maji ya kijani, likijikunjua na kujikunja. Ng'ambo, juu ya ulimi wa mchanga, shakwe waliketi. Wengine zaidi walikuwa juu ya paa la hema la chama. Mnandi mmoja, ndege mweusi mla samaki, alisimama juu ya mti wa nyavu, mabawa wazi, kama kuhani wa dini nyingine.

Watu walikuja wengi. Wavuvi walivaa koti juu ya mabuti ya mpira. Kina mama wa chama walipanga matonge ya wali mezani. Mpiga picha wa televisheni aliuliza samaki watarukia upande gani. Kinue alisimama nyuma ya wote pamoja na Morio. Morio alimshika mkewe kwenye mkunjo wa sweta, kama mtu anayeshika mzigo kwenye boti.

Kuhani Mikamo akasoma dua yake ndefu. Watu wakainama mara moja. Wakainama mara ya pili. Mwenyekiti alikuwa mstari wa mbele, miguu yake karibu majini, na akainua mikono, na wote nyuma yake wakainua.

Kofi la kwanza lilipasua asubuhi.

Nimesema Kinue aliwafundisha bwawani. Lakini hapa hapakuwa bwawani. Hapakuwa na bati, wala ukuta, wala fagio. Doa jeusi lilitikisika. Sehemu kubwa ilizama, ghafla, kama kitambaa kinachovutwa kwa chini. Sehemu nyingine, ndogo, iliyokuwa karibu na miguu ya Mwenyekiti, ilipanda. Walikumbuka nyumbani. Walipanda wakafungua midomo hewani mbele ya mzee yule mrefu, wakingoja chakula, na shakwe wakaja.

Hawakupiga kelele. Watu wasioishi pwani hudhani shakwe hula kwa kelele. Walishuka kimya, mmoja baada ya mwingine, upande kwa upande, na maji yakawa meupe kwa mabawa.

Kofi la pili lilikuwa limeshaanza mikononi mwa watu. Mikono mia kadhaa haisimami kwa kuwa imeona kitu. Likalia. Ila Mwenyekiti Kakizaki alikuwa mbele, na aliona midomo. Viganja vyake vilikwenda kukutana na vikakutana polepole, bila sauti yoyote, vikabaki hivyo, vimeshikana mbele ya kifua chake. Waliokuwa karibu naye waliona alichokifanya. Hakuna aliyemtajia siku ile, wala baadaye.

Kinue alikuwa ameshapita katikati ya watu. Hakuna aliyemwona akiondoka kwa mumewe. Aliingia majini na viatu vyake vya kanisani, maana ndivyo tunavyoviita viatu vya sherehe ingawa hatuna kanisa, akaenda mpaka kiunoni, yeye ambaye alikuwa hajawahi kulowesha kifundo cha mguu katika bahari ile, na akaanza kuyapiga maji kwa mikono miwili. Aliyapiga kushoto, akayapiga kulia. Shakwe wakainuka. Vifaranga waliokuwa wamepanda, waliosalia, wakamwona, wakazama. Akaendelea kupiga hata pale ambapo hapakuwa tena na kitu cha kufukuza, mpaka Morio alipoingia akamshika kwapani akamtoa.

"Basi, Mama Shiho," akamwambia. "Wamekimbia. Wamekuogopa wote."

Televisheni ilionyesha dua na matonge ya wali. Mpiga picha alilalamika kwamba samaki hawakuonekana vizuri. Nihei, alipoulizwa wameliwa wangapi, alisema ukweli, kwamba hajui, na kwamba hakuna anayeweza kujua. Mwenyekiti alimwendea Kinue aliyekuwa amefunikwa blanketi ndani ya gari, akasimama dirishani, akamwuliza kama maji yalikuwa ya baridi. Kinue akasema ya baridi, ndiyo. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa taarifa kamili, akaenda zake.

Wiki zilizofuata Kinue hakulala vizuri, lakini hilo halikuwa jambo jipya. Aliwaza samaki walio wepesi mno. Aliwaza joto la maji. Nihei alimwonyesha vipimo, navyo vilikuwa vizuri, na Kinue akaogopa vipimo vizuri. Upepo ulipogeuka kaskazini alisimama jikoni akaitazama bahari moja kwa moja, jambo ambalo majirani walilitolea maelezo mbalimbali.

Asubuhi moja simu ililia kabla ya kifungua kinywa. Ilikuwa ni Morio, akipiga kutoka gatini.

"Njoo," akasema. "Njoo polepole, na usije na mtu."

Alikuwa ameangusha spana juu ya sitaha ya boti aliyokuwa akiitengeneza, na chini yake, kati ya boti na ukuta wa gati, kitu kilichokuwa kimeufunika uso wa maji kikatoweka. Alisubiri. Kikarudi: vifaranga, wanene, wa rangi ya fedha, wameshapoteza mistari waliyokuwa nayo mtoni, wanakula wadudu wa maji kwenye kivuli cha kamba. Akaangusha spana tena ili ahakikishe. Wakatoweka tena.

Kinue alipofika alitambaa mwisho wa gati kwa magoti, sketi ikafagia magamba ya jana. Morio akanong'ona kwamba anaweza kumchota mmoja kwa wavu wa mkono wampelekee Nihei. Kijiwe cha ndani ya sikio la kila kifaranga wa kituoni kina alama, watajua kama ni wale wao. Kinue akauliza kijiwe hutolewaje. Morio akaeleza kwamba samaki hupasuliwa kichwa. Kinue akatikisa kichwa.

Huenda walikuwa wake. Huenda walikuwa wa mto mwingine, au wa porini, ambao mama yao hakuwahi kupimwa uzito. Samaki yeyote mwenye akili angekimbia spana. Alilala kifudifudi ili kivuli chake kisivuke ukingo, akawatazama wakila, na kila boti ilipopita mbali aliwaona wakishuka, wakangoja, wakapanda tena kwa tahadhari, wazima. Moyo ulimpiga kwa nguvu hata akaogopa wasije wakausikia kupitia zege.

Morio akaiacha injini ya boti ikiwa imezimwa, akaketi juu ya ndoo, akangoja mkewe amalize.